Mikanda Aliyoiangalia kwa Masikio

Mdogo wangu hakuwahi kuingia banda la video. Tandika, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtoto wa kike akionekana anatoka mle, habari zake zilifika nyumbani kabla yake, na mama yetu hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Kwa hiyo mikanda yote ya utoto wake aliiangalia kwa masikio. Nilikuwa narudi magharibi, shati linanuka sigara za wakubwa na jasho la watoto waliobanana chumba kimoja tangu mchana, namkuta ameshakoga, kakaa kwenye mkeka uani karibu na jiko la mkaa ambalo mama kainjikia maharage, na kabla sijanawa miguu ananiuliza shujaa wa picha ni nani, kwa swali lake lile lile: "Kaka, leo steringi nani?"

Jumapili moja, siku si nyingi, alinipigia simu. "Njoo tuangalie Komandoo."

Alikuwa hajaiona. Kwa zaidi ya miaka 30 ameijua picha ile mwanzo mpaka mwisho, anaweza kukutajia nani kafa kwa nini, na hajawahi kuona hata dakika yake moja.

Waliokulia Temeke, Manzese au Mwananyamala wanalijua banda hata nikinyamaza. Letu lilikuwa nyuma ya genge la mkaa, kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya sukari, mabenchi yana vibanzi vilivyochana kaptula zetu za shule, na mbele kabisa, ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, runinga ya inchi 21 na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kitambaa ambacho mwenye video alikiinua taratibu kwa vidole viwili kama anayefunua chakula cha mgeni, huku sisi tuliokaa chini tukinong'onezana nani atakuwa steringi na nani adui. Nje kulikuwa na ubao wa chaki: saa 8 Komandoo, saa 10 Paka na Nyoka, saa 12 Kihindi. Kiingilio cha watoto kilikuwa shilingi 20, ile sarafu yenye tembo na mtoto wake. Mkanda ukianza kupiga chenga, kijana wa mlangoni alifungua deki akasafisha hedi kwa karatasi iliyolowekwa spiriti, na hakuna aliyenung'unika, maana dakika zile za giza ndizo zilikuwa za kubishana kama steringi anaweza kufa. Tulishakubaliana kwamba hafi. Tulibishana hivyo hivyo.

Mjini kulikuwa na sinema za kweli, Empire na Avalon, na Msasani ile Drive-in iliyofunguliwa mwaka 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Huko kulitaka nauli, viatu na mtu mzima wa kukupeleka. Televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo: Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tukasubiri mpaka mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Katikati hapo, baada ya rais tuliyemwita Mzee Ruksa kushika nchi na milango ya biashara kufunguliwa, deki zikaanza kuingia na mabaharia na watu wa Dubai, na uswahilini deki moja ilitosha kulisha macho ya mtaa mzima.

Kiingereza hakuna aliyekielewa. Nyuma yetu alikaa kijana mmoja fundi baiskeli, akawa anatueleza kila mtu anasema nini, kwa sauti ya uhakika kabisa, na sasa najua kwamba alikuwa anatunga. Wala hakutudanganya kwa ubaya. Aliona midomo inacheza, akaona watu wana njaa ya maneno, akawapa. Baadaye, miaka ya 2000, kazi hiyo ilipata wenyewe: Lufufu akawa sauti inayojulikana kila kibanda na kila basi la mikoani, anaongea juu ya picha ya Kizungu, anaeleza, anaongeza methali na vituko vyake, kama VJ Jingo kule Uganda na DJ Afro kule Kenya. Ila fundi baiskeli wetu alitangulia, na malipo yake yalikuwa kuingia bure.

Mimi nami nilipofika nyumbani nilikuwa na mkanda wa fundi baiskeli kichwani, juu yake nikapakia wa kwangu. Nilimsimulia mdogo wangu kwa mikono, kwa mwiko uliokuwa bunduki na ufagio uliokuwa helikopta, nikirudia mlio wa kila ngumi, na nilipokwama nilichomeka kipande cha mkanda wa juzi, kwa sababu yeye hakukubali kuachiwa tundu. Ndivyo alivyokuwa. Anataka kujua yule aliyeanguka jabalini alizikwa wapi. Anataka kujua steringi amekula saa ngapi. Kwenye Komandoo, nilipofika pale majambazi wanapomteka binti wa steringi, aliniuliza: "Mama yake yuko wapi?"

Mama yetu wakati huo alikuwa Lindi, anamuuguza bibi, na sisi tuko na shangazi kwa wiki ya tatu. Nikamjibu kwamba mama yake yuko nyumbani, anapika, na kila sauti ya gari ikipita anatoka nje kuangalia. Akaridhika. Kila niliporudia picha ile, na alinirudisha mara nyingi, ilibidi nimtoe yule mama nje ya nyumba mara tatu au nne, na mwisho binti anamkimbilia.

Mbagala, ng'ambo ya Rangi Tatu, mdogo wangu ana nyumba yake. Runinga ipo ukutani, pana kuliko meza. Feni inazunguka. Mwanawe wa miaka 14 aliitafuta Commando kwenye simu akairusha ukutani kabla sijamaliza kusalimia. Soda baridi zikaja.

Picha ilikuwa safi mno. Nilishtuka kuona majani ya kijani, kwa sababu mkanda wetu ulikuwa umepita madeki mengi mpaka kila kitu kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Arnold Schwarzenegger ni kijana kuliko mimi. Picha ni ya mwaka 1985, kaiongoza Mark L. Lester, na kwa dakika 90 mtu mmoja anaua jeshi la kisiwa kizima bila kuishiwa risasi. Mpwa wangu alikaa akiwa na rimoti, na yeye ndiye aliyeona. Ile Porsche ya njano: inapinduliwa ubavu, inakwaruzwa, inabondeka, halafu Arnold anaisimamisha kwa mikono na kuondoka nayo, na ubavu ni mzima kama imetoka dukani. Akarudisha nyuma. Mzima. Mabanda ya wanajeshi yanapolipuka, wanaorushwa hewani ni masanamu, na akisimamisha picha unayaona yamesimama kabla ya mlipuko yakisubiri. Bennett, adui mkubwa, yule niliyemwota miaka miwili, ni mtu wa kawaida mwenye masharubu na fulana ya minyororo inayombana tumbo.

Mtoto alicheka, na alikuwa na haki. Ni picha mbaya. Imetengenezwa haraka, inadharau watu wa nchi moja ya kubuni kiasi kwamba wengi wao hawapewi hata majina, na wanakufa kama kuku. Mimi wakati ule nilishangilia kila alipoanguka mmoja wao. Jambo hilo liliniuma Jumapili ile kuliko masanamu.

Lakini mdogo wangu hakucheka. Alikaa mbele kidogo kwenye kochi, mikono mapajani, anasubiri. Binti alipotekwa akajiweka sawa. Arnold aliporuka kutoka kwenye ndege akaangukia bwawani, akatikisa kichwa, kwamba hapo nilisema kweli. Bomba la mvuke lilipompita Bennett kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo." Halafu baba na binti wakakumbatiana, wakapanda ndege na yule dada aliyewasaidia, maandishi yakaanza kupanda.

"Mama yake hatokei?"

Nikamwambia hakuwamo. Nilimweka mimi.

Alinyamaza kidogo, akachukua chupa zilizoisha akaenda nazo jikoni. Kutoka huko akasema kwamba bila yule mama haelewi kwa nini watu waliipenda.

Nimelifikiria hilo sana. Siyatamani mabanda yale yarudi. Yalikuwa na mlango mmoja na waya zinaning'inia, na siku ya moto tungeteketea wote; usiku yalionyesha mikanda ambayo hakuna mtoto alipaswa kuiona na watoto walibaki ndani; rafiki yangu mmoja aliacha darasa la tano akawa anakaa mlangoni kukusanya viingilio, na shule hakuirudia. Nusu ya watoto wa Tandika, wale wa kike, waliambiwa pale si mahali pao. Leo binti wa mdogo wangu anaangalia anachotaka, amelala kifudifudi kwenye zulia la mama yake, anasimamisha, anaruka, anabadilisha lugha. Hilo ni jema, na silipimi na kitu.

Ila hamsimulii mtu. Nilimwuliza picha aliyoiangalia jana inahusu nini. Akanipa simu niangalie mwenyewe.

Kuna wakati kumbukumbu nayo hushinda. Ile Paka na Nyoka niliitafuta karibu miaka 20, bila jina. Nilijua ina mzee mchafu mwenye nywele nyeupe, kijana anayeonewa chuoni, paka anayepigana na nyoka, na padri Mzungu anayegeuka kuwa muuaji mwenye upanga. Kila niliyemweleza alisema padri nimemtoa mkanda mwingine, na mwisho nami nikaamini. Muuza DVD mmoja Kariakoo, karibu na Aggrey na Likoma, alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno, akachomoa diski moja yenye filamu 20 za Kichina. Ilikuwa ya saba. Snake in the Eagle's Shadow, ya mwaka 1978, Jackie Chan akiwa bado hajavuma. Steringi wangu wa siku zote, yule mzee, ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji, Yuen Woo-ping, na mwaka uliofuata baada ya picha ile kutoka alifariki. Tulimshangilia Tandika miaka mingi baada ya kuzikwa kwake. Na padri yumo! Yumo na upanga wake, vile vile. Nilimpigia mdogo wangu palepale, kelele za Kariakoo zote zikiwa nyuma yangu.

Rambo, steringi mwingine, alibaki mitaani kwa jina tu: mfuko wa plastiki uliitwa mfuko wa rambo, hata na watu wasiowahi kumwona Sylvester Stallone, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Mdogo wangu naye ana picha alizoziona kwa macho yake, na hizo mimi ndiye nilizisikia. Mikanda ilipoingia majumbani, na Bongo tukaanza kutengeneza yetu, aliangalia kwa jirani Nsyuka na Shumileta, zile za kutisha za Mussa Banzi, akarudi nyumbani hawezi kwenda chooni peke yake. Juzi juzi amezirudia na watoto. Mzuka unatoweka kwa picha kukatwa, kiti kilichokuwa kulia kinahamia kushoto, sauti inapanda na kushuka. Watoto nao walicheka. Yeye anasema hofu haikuwa kwenye mzuka. Bennett angekufuata Tandika kwa ndege ipi? Mzuka wa Kibongo ulikaa kwenye kochi kama la jirani, vitambaa vile vile vya kufuma, ukavaa kitenge, ukapita barabara ya vumbi unayoijua, na ukiamua kuja kwenu haukuhitaji hata nauli. Ninapomsikiliza akieleza hivyo, naogopa, na mimi sijaziona.

Sasa kuna picha moja imetushinda wote wawili. Yeye anaikumbuka: mama mmoja anavuka mto usiku, maji yako kifuani, ameshika taa juu ya kichwa, na ng'ambo kuna mtu anamwita kwa jina lisilo lake. Anaapa nilimsimulia mimi, uani, mvua inanyesha. Mimi sina hata kivuli cha picha hiyo. Nimeuliza wenzangu wa banda, nimemweleza muuza DVD, nimepitia za Kihindi na za Kichina kwa saa nyingi. Muuza DVD aliniambia huenda ni mikanda mitatu iliyoshonwa pamoja. Mdogo wangu hataki kusikia hilo.

Jana saa 5 usiku simu yangu ililia, ujumbe kutoka kwake. "Kaka, hujalala? Yule mama wa taa, hivi ulisema alivuka, au ulisema tutamalizia kesho?"