Mvuke wa Chole, Sharubati ya Hamburg

Upepo wa kusi ukishika Ghuba ya Chole, huko Mafia, kuanzia mwezi wa Juni, pua huziba nyumba hadi nyumba. Wanawake wanaotafuta pweza huingia miambani maji yakitoka, nguo zimelowa, upepo unawapiga mbavuni, na jioni utawasikia wakilalamika kuwa kichwa kinagonga. Jirani akisikia hivyo hamtumi mtoto dukani. Humtuma uani akachume kivumbasi.

Kisiwani Chole bibi mmoja alinionyesha anavyokitumia. Alichuma ncha changa, akazifikicha viganjani mpaka zikatoa majimaji ya kijani, akanisogezea mikono usoni. "Vuta, mwanangu, vuta mpaka kifuani." Harufu ilinipanda hadi machoni na pua ikafunguka pale pale. Baadhi ya jamii za kivumbasi zina yujenoli kwa wingi, mafuta yale yale yaliyomo kwenye karafuu, na ndiyo maana mtu wa Pemba aliyezoea mafuta ya makonyo ya kiwanda cha Wawi ataitambua harufu hiyo mara moja. Pemba hupaka karafuu kwenye paji la uso. Chole hunusa na kujifukiza.

Kupiga nyungu kuna ufundi wake. Chungu hujazwa kivumbasi, mchaichai, majani ya mdimu na mwarobaini kidogo. Mdomo wake hufunikwa jani la mgomba, likafungwa kwa ukambaa, kisha kikabandikwa mpaka kichemke. Mgonjwa huketi kwenye kigoda, hufunikwa blanketi, na jani hutobolewa kwa kijiti, tundu moja kwanza, baadaye la pili. Mvuke unatoka kwa kiasi, hauunguzi uso. Mwaka 2020, Rais Magufuli alipohimiza kujifukiza wakati wa korona, niliona watu mijini wakiinamia sufuria wazi ya maji yanayochemka, wengine na watoto mapajani. Wazee wa ghubani wasingethubutu. Maji ya namna hiyo yakimwagika, mtoto anaungua vibaya kuliko mafua yoyote yatakavyomdhuru.

Nilipokwenda Hamburg, Ujerumani, nilifikia kwa jamaa wenye asili ya Tanga, majira ya baridi, na huko nako mafua yakanipata. Jirani yao Mjerumani alileta chupa ya sharubati ya rangi ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Ni ya matunda ya mti ambao Wajerumani huuita Holunder, na watu wa Hamburg kwenyewe huyaita matunda yake Fliederbeeren. Mti huo huota wenyewe kando ya reli na nyuma ya nyumba. Maua yake meupe huchumwa mwanzoni mwa kiangazi, yakakaushwa kwa chai ya kumtoa mgonjwa jasho. Matunda huiva kuelekea Septemba. Wenyeji huyapika hata supu, wakatia vipande vya tofaa na vidonge vya semolina. Nilipashiwa kikombe na limau, nikakinywa kikiwa cha moto. Kina ukakasi na utamu kwa pamoja, na koo lilitulia.

Nilichokipenda ni kwamba mama wa nyumba niliyofikia alinionya kabla sijauliza: tunda hili haliliwi bichi. Majani, magamba, mbegu na matunda mabichi vina kitu kinachozalisha sianidi tumboni, sumu ile ile tunayoiondoa kwenye mhogo mchungu kwa kuuloweka na kuuanika. Mwaka 1983 huko California kundi la watu walikunywa juisi ya matunda hayo yaliyopondwa mabichi pamoja na majani na matawi, na 8 kati yao wakapelekwa hospitali. Moto huondoa hatari hiyo. Kwa hiyo Hamburg na Chole wanakubaliana katika kuheshimu moto, kila mmoja kwa sababu yake.

Je, sharubati hiyo inatibu? Watafiti wameijaribu. Huko Norway, wagonjwa 60 wa homa ya mafua waligawanywa, na waliopewa sharubati walipata nafuu siku 4 kabla ya wenzao. Marekani, utafiti wa wagonjwa 87 uliochapishwa mwaka 2020 haukuona faida yoyote. Mimi naichukulia kuwa kinywaji cha moto kizuri kwa mgonjwa, na sitaki kuipa sifa zaidi ya hapo. Kivumbasi nacho nakiweka hapo hapo. Mafuta yake huua vijidudu kwenye vyombo vya maabara, lakini mwili wa mtu si chombo cha maabara. Kufunguka pua, kutoka jasho, kulala usingizi: hayo ni manufaa ya kweli, na mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Tofauti kubwa iko kwingine, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Hamburg mtu akiamka na homa, kichwa na maungo yanamuuma, anaweza kujitibu kwa sharubati siku tatu bila wasiwasi mkubwa, maana uwezekano mkubwa ni virusi vya mafua. Ghubani Chole dalili hizo hizo zinaweza kuwa malaria, na malaria haisubiri siku tatu, hasa kwa mtoto mdogo au mjamzito. Hakuna jicho la bibi wala la daktari linaloweza kutenganisha malaria na mafua kwa kutazama tu. Tone la damu la kidoleni, kwenye kipimo cha haraka, hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi: mstari mmoja hakuna malaria, miwili ipo. Hali ikiwa mbaya, mtoto ana degedege au hawezi kunyonya, safari ni ya mashua hadi Utende na kilomita 15 hivi za barabara hadi hospitali ya Kilindoni. Ukipoteza usiku mzima kwenye nyungu, safari hiyo unaianza umechelewa.

Bibi wa kivumbasi hana shida na hilo. Mjukuu wake akichemka mwili, anampeleka zahanati kwanza, chungu kinabaki jikoni. Ikitoka mistari miwili, mtoto anapewa dawa mseto, kutwa mara mbili kwa siku tatu, na kila dozi bibi huitangulizia uji wa tui la nazi. Nesi alimwambia dawa hiyo huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta tumboni, na nazi Mafia hazikosekani.