Zamu ya Mlinzi wa Mvua

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huo una ukweli wake katika nchi za bara, ambako mto au kisima hakiko mbali sana na mwenye kiu. Lakini wako watu ambao wakingoja mpaka wayaone mawingu, huwa wamekwisha chelewa. Hao ni wakazi wa Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Nchi hiyo ni visiwa vya matumbawe, vingi vyao vimejipanga kama pete zilizozunguka maji ya chumvi. Ardhi yake ni nyembamba, na kwa wastani huinuka kiasi cha meta 2 tu juu ya bahari. Hakuna mito. Maji ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka mbinguni: huanguka juu ya mapaa, hupita katika mifereji, kisha huingia matangini. Katika Majuro, mji mkuu, hata njia ya kurukia ndege hukinga mvua, na maji yake hupelekwa katika mabwawa ya mji. Kwa mama wa nyumba wa huko, tangi ni kama gunia la unga kwa mwenziwe wa bara: hana budi kujua kila siku limebaki kiasi gani.

Basi huko kupima mvua si jambo la kupitisha wakati. Mtumishi wa kituo cha hali ya hewa husoma kipimamvua na kuandika alichokikuta, hata siku ambayo halikuanguka tone. Kando ya bahari nako kipo chombo kipimacho kupanda na kushuka kwa maji. Kazi hiyo haipigiwi tarumbeta. Yafanana na ya askari wa zamu, ambaye kwa usiku mia huandika kitabuni kwamba hapakupita mtu. Thamani yake huonekana usiku wa mia na moja.

Usiku huo ulifika mwaka 1997. Maji ya joto ya Pasifiki yalisogea upande wa mashariki, na mawingu ya mvua yakayafuata. Hiyo ndiyo El Nino ambayo Afrika ya Mashariki yaikumbuka kwa mafuriko na madaraja yaliyochukuliwa na maji. Kwa watu wa Marshall ilileta kinyume chake. Kituo kilichoanzishwa mwaka 1994 kwa ushirikiano wa idara ya Marekani na vyuo vikuu vya Hawaii na Guam kiliona dalili, kikawaonya viongozi wa visiwa kabla matangi hayajakauka. Kamati za ukame zikaundwa, na watu wakahimizwa kutengeneza matangi na kutunza maji.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 ukame ulikuwa mkali. Mabomba ya Majuro yalifunguliwa kwa saa chache tu katika muda wa wiki mbili hivi, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ikaletwa kutoka nje. Onyo halikuweza kuleta mvua, ila liliwawezesha watu kuipokea shida wakiwa macho.

Bahari nayo yataka mlinzi mwenye subira zaidi. Wakati wa El Nino maji ya upande huo hushuka, na wakati wa La Nina hupanda. Mwenye kutazama mwaka mmoja au miwili aweza kudanganyika. Vipimo vya miaka mingi ndivyo vinavyosema kweli. Tangu mwaka 1993 setilaiti zimeonyesha kwamba bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa zaidi ya sentimita 9. Kwa mkazi wa mlimani hilo si neno. Kwa wakazi wa Majuro, ambao mwezi wa Desemba 2008 waliona mawimbi yakipanda nchi kavu mpaka serikali ikatangaza hali ya hatari, kila sentimita ina uzito wake.

Familia zilizozoea kumsindikiza baba au mama kwenda zamu zaweza kuifahamu kazi hii kuliko wengine. Siku isiyoandikwa haiandikiki tena. Mlinzi akilala, asubuhi hawezi kusema ni nani aliyepita.