Wavu Ulio Tumboni Mwangu



Kwa miaka mitatu nilihubiri nikiwa nimejifunga mshipi mpana chini ya shati. Hamkujua. Nilikuwa na ngiri, ile wengi wetu huita hania, palepale nilipopasuliwa zamani. Ilishonwa, ikarudi. Ikashonwa tena, ikarudi kubwa zaidi. Nikachoka, nikanyamaza. Niliendelea kupandisha mitungi ya maji ngazi za hapa Highrise. Mkiniuliza, “Mchungaji, mbona umejishika tumbo?” najibu, “Mungu ni mwema.”

Usiku mmoja uvimbe ukawa mgumu, ukakataa kurudi ndani. Nikaanza kutapika. Mama mchungaji aliita teksi kwanza, akaomba tukiwa njiani. Daktari alisema utumbo ulikuwa umebanwa. Ningengoja asubuhi, ungeoza.

Baadaye alinieleza kwa nini nyuzi zilishindwa. Tundu likiwa kubwa, ukivuta kingo zilizochoka zikutane kwa nguvu, kila kikohozi na kila mzigo unazikata. Safari hii walitandaza wavu, ukapita ukingo wa tundu pande zote, ili uzito ugawanyike. Kisha nyama ya mwili huota kupitia vitundu vya wavu, vikashikana.

Usidhani haya ni ya matajiri tu. Kule Kamuli, Uganda, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walipasuliwa, wengine wakawekewa wavu wa dukani, wengine kitambaa cha chandarua kilichouliwa viini hospitalini. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya mwaka mmoja, kati ya wale wa chandarua, ngiri ilimrudia mmoja tu.

Wapendwa, Wagalatia 6:2 inatuagiza tubebeane mizigo. Nimeihubiri mara nyingi. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa ule ukingo uliochoka, navuta peke yangu, na kanisa zima liko hapa. Hata mzee wa kanisa sikumwambia. Nisameheni.

Kama una uvimbe unaouficha, nenda ukaonwe na daktari wiki hii. Ukiwa mgumu, unauma na unatapika, nenda sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Ukiogopa, nipigie. Nitakusindikiza.

Tuombe: Bwana, tuondolee aibu inayotufanya tuumie kimya. Utupe watu wa kutushika, nasi tukubali kushikwa. Katika jina la Yesu, Amina.