Kulabu Iliyovunjikia Ndani ya Kufuli

Jioni moja baada ya laasiri alinijia kijana wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, akanikuta barazani. Akaniamkia, "Shikamoo, babu," nami nikamwitikia. Kisha akatoa mfukoni kifuko cha ngozi alicholetewa na kaka yake kutoka Ulaya, akakikunjua mbele yangu. Ndani mlikuwa na vijichuma kumi na viwili, vyembamba, vingine vimepinda ncha, vingine vina mawimbi kama mgongo wa samaki.

"Babu," akasema, "nasikia ulikuwa na mchezo huu ulipokuwa Ujerumani. Hebu niambie, vyuma hivi hudumu muda gani kabla ya kuvunjika?"

Swali lenyewe ni jepesi. Lakini mimi nilinyamaza kitambo, kwa sababu jawabu yake iko ndani ya sanduku langu, na si jawabu ya kujivunia. Kijana nilimjibu siku ile ile. Nanyi, ndugu wasomaji, nimeona niwaeleze vile vile, huenda mkapata faida.

Nilifanya kazi bandarini Hamburg miaka mingi. Katika mji ule, mwaka 1997, watu walianzisha chama cha wapenda kufuli. Hawa si wezi, wala wengi wao si mafundi wa funguo. Ni watu wa kila kazi ambao hukutana, kila mmoja na kufuli zake, wakashindana kuzifungua bila ya ufunguo, kama wengine washindanavyo kwa bao au karata. Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenifundisha mchezo huu mwaka 2001. Na kabla hajanionyesha chuma chochote, alinipa masharti mawili ambayo wachezaji wote huyajua: usifungue kufuli isiyokuwa yako ila kwa idhini ya mwenyewe, wala usichezee kufuli ambayo mtu anaitegemea, hata ikiwa ni ya mlango wako, kwani yaweza kuharibika. Niliyasikiliza masharti yale kama mtu asikilizavyo khabari za hewa, nikangoja kuonyeshwa vyuma.

Wala msidhani kuwa elimu ya kufuli ni ya Wazungu peke yao. Al-Jazari, fundi mkubwa wa Kiislamu aliyeishi Diyarbakir, katika kitabu chake cha hila za ufundi alichokimaliza mwaka 1206, ameeleza kufuli ya kasha isiyokuwa na ufunguo, yenye duara nne za herufi; haifunguki mpaka kila duara ikae mahali pake. Ama kufuli ya pini tuitumiayo sana leo, imetokana na kazi ya Mmarekani, Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865.

Kufuli hiyo ndani yake mna pini tano au sita. Kila pini imekatika vipande viwili, na juu yake pana springi iisukumayo chini. Ufunguo wa haki ukiingia, meno yake huzinyanyua pini zote kwa kipimo, mikato yake ikalingana na ukingo wa silinda, ndipo silinda ikazunguka. Mchezaji hana ufunguo. Ana vyuma viwili tu: kimoja cha kukazia, ambacho huisukuma silinda kidogo sana, na cha pili ni kulabu ya kunyanyulia pini. Kwa kuwa hapana fundi awezaye kutoboa matundu yakawa sawa kabisa, pini moja hubana kabla ya nyingine. Mchezaji huitafuta hiyo iliyobana, akainyanyua pole pole mpaka aisikie imekaa, kisha akatafuta ya pili. Kazi yote ni ya kusikiliza kwa ncha ya kidole.

Sasa, kulabu hiyo hudumu muda gani? Ni kipande cha chuma kigumu cha namna ya springi, unene wake kiasi cha milimita 0.4 hadi 0.6. Wengine hununua, wengine hujitengenezea kwa msumeno wa chuma uliokwisha, au kwa zile nyuzi za chuma zinazoanguka barabarani kutoka kwenye magari ya kufagilia. Huvunjika kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kuchoka. Chuma nacho huchoka. Kila kikipindishwa na kurudi, kikapindishwa na kurudi, hufanya ufa mdogo usioonekana kwa jicho, na ufa ule huzidi siku hata siku. Ya pili ni kasoro ya matengenezo. Aliyeinoa kulabu kwenye jiwe la umeme bila ya kuichovya majini, akaiacha ipate moto mpaka ikageuka rangi ya buluu, ameuondoa ule ugumu wake; na aliyeacha mikwaruzo au pembe kali bila ya kuipiga msasa, ameuandalia ufa mahali pa kuanzia. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni mkono. Mwanafunzi hukaza mno kile chuma cha kwanza, pini zikakamatana. Naye badala ya kulegeza kidole, huongeza nguvu kwenye kulabu. Mwenye mkono huo huvunja kulabu mbili tatu katika mwezi wake wa kwanza. Na mwenye mkono mwepesi hukaa na kulabu ile ile miaka, mpaka akasahau aliinunua lini.

Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alikuwapo Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs. Kampuni ya Bramah ilikuwa imeweka kufuli dirishani pake kwa miaka mingi, na ahadi ya gini 200 kwa atakayeifungua. Hobbs aliifungua, lakini ilimchukua saa 51, alizozigawa katika siku 16. Na aliifanya kazi ile kwa idhini ya wenyewe, kwa mapatano na chini ya waamuzi. Hayo mawili, subira na idhini, ndiyo yaliyomfanya akumbukwe kwa heshima. Bila ya idhini angekumbukwa kwa jina jingine.

Ama mimi, kulabu yangu niliyoipenda niliinunua mwaka ule ule wa 2001. Nilifungulia mamia ya kufuli zangu mwenyewe, za shaba na za chuma, za sokoni na za kuokota. Nilipostaafu na kurudi nyumbani mwaka 2010 nilirudi nayo, ingali nzima.

Mwaka 2012 shangazi yangu alisafiri kwenda Maskati kwa binti yake aliyejifungua. Kasha lake alilileta kwangu, akaniambia, "Baba, niwekee hili mpaka nirudi." Nikamwambia, "Liko salama, shangazi." Ufunguo akaenda nao. Kasha lilikuwa limefungwa kwa kufuli ya shaba, ya zamani, ya namna ambayo sikuwa nimepata kuiona.

Wiki mbili nililipita bila ya kulitazama. Wiki ya tatu nikaanza kuitazama ile kufuli. Wallahi sikuwa na tamaa ya kilichomo ndani. Nafsi yangu iliniambia maneno mazuri sana: hutachukua kitu, hutafunua kifuniko, wataka kujua tu kama waiweza, utaifungua, utaifunga, na nani atakayejua? Hivyo ndivyo nafsi isemavyo itakapo jambo. Haisemi, "Fanya khiyana." Yasema, "Jaribu kidogo."

Usiku mmoja, watu wa nyumba wamelala, nikakaa sakafuni na taa ya mkononi. Pini nne zilikaa upesi. Ya tano ikanikatalia. Katika kufuli yangu ningelegeza, nikaanza upya, hata kesho au kesho kutwa. Lakini mwizi hana kesho kutwa. Nilisikia mtu akikohoa chumba cha pili, nikaogopa, nikasukuma. Kikasikika kishindo kidogo, tik, na mkononi mwangu nikabaki na mpini. Ncha ilikuwa ndani ya kufuli.

Kulabu iliyodumu miaka 11 katika kufuli zangu haikudumu saa moja katika kufuli ya mwenzangu. Chuma kilikuwa kile kile. Mkono ndio uliogeuka, kwa sababu ulikuwa na khofu, na ulikuwa na khofu kwa sababu haukuwa na haki.

Nilijaribu kuitoa ncha ile kwa uzi wa msumeno mwembamba, kama mafundi watoavyo funguo zilizokatika. Haikutoka. Mwezi mzima uliobakia nililala na kasha lile chumbani kama niliyelala na shahidi.

Shangazi aliporudi aliniletea kanzu na halua. Nikambusu mkono, nikamwambia, "Shangazi, nimekukosea."

"Umekosa nini, baba?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Umechukua kitu?"

"La, shangazi. Haikufunguka hata."

"Na ingefunguka, ungechukua?"

"La."

"Basi ulikuwa wataka nini?"

Nikakosa jawabu, na mpaka leo sinayo iliyo njema.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwizi hazuiwi na kufuli. Mwizi ana nyundo na tindo. Kufuli hii niliitia kwa ajili ya watu wema, nisije nikawatia mtihanini."

Nilimwita fundi, akaikata kwa msumeno. Shangazi akangoja mpaka fundi ametoka, nami akanitaka nitoke. Kilichokuwamo sikukijua, wala sikukiuliza.

Hakumwambia mtu. Hakuacha kuja kwangu wala kunipelekea chakula. Lakini mwaka uliofuata alipokwenda tena Maskati, kasha alilipeleka kwa jirani yake, bibi mmoja mtu mzima. Mimi aliniomba nimwagilie maji miti yake ya asumini. Nikaimwagilia kila siku, asubuhi na jioni, na hapana siku niliyomwagilia ila nilijua kwa nini nimepewa ndoo nikanyimwa kasha. Alifariki mwaka 2017, na lile kasha halikulala tena nyumbani kwangu.

Kulabu nyingine niliipata kwa pesa kidogo. Ile amana sikuipata dukani, na miaka mitano ya utumishi haikunirudishia. Labda angeishi zaidi ningeirudisha; Mungu ndiye ajuaye.

Kijana yule nilimletea kufuli iliyokatwa, nikamwangazia taa ili aione ile ncha, ingali mle. Nikamwambia, "Umeuliza vyuma hivi hudumu muda gani. Vikiwa katika kufuli yako, na mkono wako mwepesi, huenda vikakushinda umri. Vikiwa katika kufuli ya mwenzako, ujue vimevunjika kabla hujaviingiza." Akaitazama muda mrefu, akanirudishia, akavikunja vyuma vyake polepole. Siku ya pili akaja na kufuli mbili alizozinunua mwenyewe, tukakaa barazani tukafundishana.

Ndugu msomaji, pengine wewe hujapata kushika kulabu, wala huna haja nayo. Lakini kufuli za watu tunazo mikononi kila siku. Simu ya mkeo iliyoachwa mezani ni kufuli. Barua ya mwanao ni kufuli. Siri aliyokupa rafiki yako siku ya dhiki yake ni kufuli, naye amekwenda zake akiamini iko salama. Na nafsi itakuja na yale maneno yake mazuri, kwamba huchukui kitu, wataka kujua tu. Siku hiyo jiulize lile swali alilonihoji shangazi yangu: basi wataka nini? Ukikosa jawabu, ondoa mkono wako, ungali na chuma kizima.