Sengi na bustani yake ya Kisesa

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, waungwana. Nilikuwa Kisesa, tumemzika shangazi yangu. Kwetu Usukumani dada wa baba anaitwa sengi, na mpaka leo nikisema "shangazi" najiona kama namtaja mtu mwingine. Basi acha nimwite Sengi.

Kwa msiopajua, Kisesa iko wilaya ya Magu, kama kilomita 20 hivi toka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Wengi wanapajua kwa sababu ya makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Watu wa afya wanapajua kwa jambo jingine: tangu mwaka 1994 kuna utafiti wa Ukimwi unaofuatilia kaya za huko nyumba kwa nyumba. Nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mdodosaji akifika kwetu na kuuliza nyumba hii ina watu wangapi, Sengi alikuwa anamjibu: "Subiri saa ya kula, uhesabu mwenyewe."

Alizaa mtoto mmoja tu. Akalea saba wengine, wa kaka zake wawili na wa mdogo wake. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, na kwetu makaburi yalikuwa yameshachimbwa. Mimi ndiye wa mwisho kati ya hao saba.

Sasa, saba wanakula nini? Wanakula bustani. Ilikuwa kama nusu eka hivi, chini kidogo ya nyumba, imezungushiwa minyaa (ole wako utomvu wake ukuingie jichoni). Udongo wa pale ni luseni, mchanga mtupu. Unamwagilia alfajiri, saa nne unakuta pakavu kama hukupita. Majirani walimwambia hapo hapatoki kitu. Yeye akawa anaokota samadi kwenye mazizi ya watu, ndoo kwa ndoo, mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ukageuka rangi. Nimeshawahi kuandika habari za miradi mikubwa ya kilimo yenye magari na semina hotelini, sijaona iliyobadilisha udongo hivyo.

Pamba aliiacha. Alisema pamba inakulipa mara moja kwa mwaka, tena ikipenda, wakati mchicha unavuna ndani ya mwezi na mtoto anataka kula leo. Kwa hiyo mchicha, nyanya chungu, mgagani, majani ya kunde, matembele pembeni. Wadudu wakija alitwanga majani ya utupa, akaloweka, akanyunyizia kwa ufagio. Kila mtoto alikuwa na tuta lake. La kwangu lilikuwa la nyanya chungu, mboga ambayo hata leo siipendi!

Kabla ya mwaka 2016 sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa na ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka. Mjini hiyo ni hela ya kunywea soda na marafiki. Sisi tulikuwa tunauza fungu la mchicha shilingi 100, kwa hiyo ada ya mtoto mmoja ni mafungu 200, hapo bado michango, daftari na viatu. Hesabu hiyo nilikuwa naiweza kichwani kabla sijajua jedwali la saba.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kweli kweli. Ukirudi sokoni na mafungu matatu hayajauzika, unageuzwa, jua linazama hivyo hivyo. Kukumbatia hakujui. Nilipokwenda chuo Dar alikuwa ananitumia mfuko wa michembe kwa basi kila muhula, hata salamu haandiki. Wenzangu chumbani waliicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu mfuko ulikuwa mtupu.

Kitu kimoja kwenye ile bustani hakikuliwa wala kuuzwa: mstari wa maua karibu na mlango. Ulikuwa wa Bulabo, sherehe ya Bujora ya mwezi wa sita inayoendana na sikukuu ya Ekaristi. Neno lenyewe kwa Kisukuma ni maua. Wengine wanakwenda kushangilia ngoma za Bagalu na Bagika. Yeye alikwenda na maua yake kwenye maandamano, akarudi kuwahi kumwagilia.

Baada ya matanga kikakaa kikao. Kisesa ya sasa siyo ile, mji umeifuata, na nusu eka hiyo wanunuzi wa viwanja wanaipigia hodi. Baba mkubwa mmoja akasema iuzwe tugawane, sisi wote tuna kazi mijini, nani atashika jembe? Kwa hesabu ya fedha ana hoja. Ila pale nyumbani bado kuna wajukuu wawili wako shule ya msingi, na wanachokula kinatoka palepale. Nilisema sikubali, dada zangu wawili wakaniunga mkono, sauti zikapanda kidogo. Kikao kimeahirishwa mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Kesho yake alfajiri nikatoka nje na mswaki mdomoni. Yule mdogo wa darasa la nne alikuwa ameshamwagilia, ameshafunga mafungu ya mchicha kwenye beseni, anataka kwenda sokoni kabla ya shule. Akanisalimia, halafu akaniuliza akirudi hela ampe nani.