Sitara na Kufuli

Nyumba za Ng'ambo zimebanana, na ukuta mmoja aghlabu huwatumikia majirani wawili. Mtu akikohoa upande huu, wa upande wa pili humuuliza asubuhi khabari ya kifua. Kwa hivyo usiku ule, mkoromo wa kijana ulipoanza, mzito, wenye kukwaruza, unaokatika kisha ukarudi, haukusikiwa na mama yake peke yake. Jirani naye aliusikia. Na kila mmoja, juu ya kitanda chake, alimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba leo mtoto amepata usingizi.

Alfajiri mama alipokwenda kumwamsha kwa sala, alimkuta ameshapoa.

Waliokuja matangani waliambiwa ni presha. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwani muungwana hafukui. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa, mikeka ikakunjwa. Neno lenyewe, unga, halikutamkwa hata mara moja ndani ya nyumba ile kwa siku zote za msiba, ingawa hapana aliyekuwapo asiyelijua.

Hiyo ndiyo sitara, na watu wa visiwa hivi hulelewa nayo tangu utotoni. Aibu ya mwenzio uifunike, nawe Mungu akufunikie yako. Ni tabia njema, na jamii isiyokuwa nayo huishi kwa kuumbuana. Lakini sitara ina mtihani wake. Shuka moja huweza kumfunika mtu, na ikamfunika pia nyoka aliyelala naye.

Miezi miwili kabla ya usiku ule mama alinunua kufuli. Halikuwa la mlango wa nje, bali la chumba cha mwanawe. "Utakaa humu, mwanangu, mpaka kikutoke," alimwambia, na kijana aliridhia, akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Jioni ya siku ya kwanza ikaja arosto. Alipiga miayo, machozi na kamasi zikamtiririka, ngozi ikamsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo likamwendesha, mifupa ikamuuma hata akawa anaipiga kwa ngumi. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa kali kuliko zote. Mama alikaa nje ya mlango na tasbihi yake. Hakujua kwamba arosto ya unga ni mara chache kumuua mtu mzima mwenye siha, maadamu anapewa maji ya kutosha badala ya yale yanayomtoka. Wala hakujua kwamba lau mwanawe angekuwa mtu wa pombe kali ya kila siku, au wa vidonge vya valiamu, kumkatia ghafla namna ile kungeweza kumletea degedege na kumuua mle mle chumbani. Bahati ilimchukua upande huo. Haikumchukua upande wa pili.

Siku ya tisa kufuli likafunguliwa. Kijana akala, akanenepa, akarudi kwenye karakana ya seremala, akaonekana msikitini. Wiki saba zikapita. Mama akaamini kwamba jambo limekwisha, na kila aliyemwona kijana aliamini vivyo hivyo.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, dawa ile ile wanayopewa hospitali wagonjwa wenye maumivu yasiyovumilika. Hutuliza kila kiumacho, huleta joto na raha, huzifinya mboni za macho zikawa kama ncha ya sindano. Na pamoja na hayo huifikia ile sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi, ikaipunguzia kasi. Anayetumia kila siku mwili wake huzoea, na kipimo ambacho kingemuua mgeni yeye humtosha tu kusimama. Akiacha, uzoefu huo humtoka upesi, kwa siku na wiki, ilhali kumbukumbu ya kipimo haimtoki. Mkono hukumbuka idadi ya kete; pumzi imeshasahau.

Ndiyo maana khatari kubwa ya kufa haimfikii mtu pale tu alipozama katika ulevi wake. Humvizia siku za mwanzo baada ya kutoka jela, au hospitali, au nyumba ya soba, au chumba chenye kufuli, au hata baada ya mwezi mtukufu ikiwa aliweza kujizuia mwezi mzima. Kete yenyewe nayo haina mizani: leo imechanganywa sana, kesho kidogo, na mnunuzi hana njia ya kujua kwa macho. Akiongeza juu yake pombe au vidonge vya usingizi, ambavyo navyo huivuta pumzi chini, huwa amewaita wauaji wawili kwa kazi ya mmoja.

Mkoromo ule, basi, haukuwa usingizi. Ulikuwa sauti ya koo lililolegea na pumzi inayotafuta njia. Kifo cha namna hii mara nyingi hakiji kwa dakika moja. Huweza kuchukua saa nzima, au zaidi, na katika muda huo wote mtu huwa angali anaokoleka. Dalili zake si za kujificha kwa anayezijua: mtu haamki hata akiitwa kwa sauti na kusuguliwa mfupa wa kifua, pumzi ni chache na zinaachana, midomo na kucha zinageuka rangi, kwa mtu mweusi zikaonekana za kijivu. Hapo hatakiwi kumwagiwa maji ya baridi, wala kudungwa maji ya chumvi, wala kutiwa maziwa kinywani, kwani asiyeweza kumeza maziwa humwingia mapafuni. Hutakiwa kuitiwa msaada wa hospitali mara moja. Kama pumzi zimesita, kuinuliwa kidevu, kubanwa pua na kupuliziwa kinywani pumzi moja kwa kila sekunde 5 hivi. Na kama anapumua mwenyewe, kulazwa ubavu ili matapishi yasimzibe. Ipo pia dawa iitwayo naloksoni, ambayo huing'oa heroini pale ilipojishika na kuirudisha pumzi kwa dakika chache. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ifikishwe mikononi mwa wale wanaoelekea kuwapo mtu anapozidiwa, yaani wenziwe na jamaa zake. Nguvu yake hudumu kama nusu saa hadi saa moja na nusu, na unga huweza kuishinda kwa muda. Kwa hivyo aliyezinduka haachwi peke yake.

Haya yote ni mambo ambayo mama asiyejua kusoma angeweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Lakini nani amfundishe dawa ya kitu ambacho hata jina lake halitamkwi?

Lugha yenyewe imeshiriki katika kuficha. Mtu anayenunua bidhaa huitwa mteja, na katika lugha ya wauzaji mnunuzi wa unga alikuwa mteja kama wateja wengine. Kisha mtaa ukamkata ile "m" ya mwanzo, akawa teja, na wingi wake mateja. Kwa herufi moja ametolewa katika ngeli ya watu akatiwa pamoja na majiwe, magogo na majitu. Aliyekwisha kuitwa hivyo hahitaji kupigwa ili akimbie. Hujificha mwenyewe, katika gofu, chooni, nyuma ya mlango. Na anayetumia mafichoni hutumia peke yake, kwa haraka, kwa chombo chochote kilichopo.

Haraka hiyo ina hisabati yake. Unga wa mwanzo uliofika mwambao huu ulikuwa wa kahawia, wa kuvutwa, pengine ndani ya msokoto wa bangi na tumbaku unaoitwa kokteli. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ulizidi kuja mweupe, unaoyeyuka kwa wepesi majini, na sindano ikashika nafasi ya moshi. Ikaja njaa ya sindano pia. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo zito kulisikia: aliyejidunga huvuta damu yake mwenyewe katika bomba na kumpa mwenziwe asiyekuwa na pesa, naye akajidunga damu hiyo kwa kutaraji kupunguza arosto. Ni wema ulioshika njia ya maangamizi. Uchunguzi wa mwaka 2007 hapa Zanzibar ulikuta kiasi cha watu 16 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, ilhali katika umma wa visiwa kwa jumla hawafiki hata 1 katika 100. Homa ya ini ya aina ya C ilikuwa imewashika kiasi cha robo yao. Virusi hivyo havikutokana na unga. Vilitokana na sindano iliyopita mikono mingi kwa sababu sindano safi ilikuwa ngumu kuipata, au ilikuwa aibu kuiomba dukani.

Wapo wasemao kwamba kumpa mtu kama huyo sindano safi, au kumfundisha asitumie peke yake, ni kumsaidia katika haramu. Hoja hiyo haitoki kwa watu wabaya. Mara nyingi hutoka kwa baba aliyeibiwa televisheni na kwa shangazi aliyeuziwa dhahabu zake. Unga unawaharibia wengi zaidi ya anayeutumia, na hakuna aliyeishi na hali hiyo atakayeuita starehe. Lakini fikihi ambayo watoto wa visiwani huisoma chuoni ina kanuni ya zamani: madhara mawili yakikabiliana na hapana budi moja litokee, hushikwa lililo jepesi. Iran, nchi inayotawaliwa na wanazuoni, ilianza miaka ya mwanzo ya 2000 kutoa methadoni na sindano safi, hata ndani ya magereza. Kisiwa cha Morisi kilianza vyote viwili mwaka 2006. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa wagonjwa methadoni, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Zanzibar, Kidongo Chekundu.

Methadoni nayo ni jamaa ya mofini, wala haifai kusifiwa kama maji ya Zamzam. Ikizidishwa, au ikichanganywa na pombe na vidonge, huua. Na mtoto akiinywa huweza kufa kwa kipimo kidogo tu. Lakini hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini mchana na usiku, huizuia arosto, na humtoa mtu katika mbio za kutafuta kete kila baada ya saa chache. Mwenye kuinywa huweza kwenda kazini. Nyumba za soba, zilizoenea hapa tangu mwaka 2009 hivi, zina njia nyengine, ya kuacha kabisa kwa kusaidiana, na wapo waliosimama kwa njia hiyo. Njia hizi hazina haja ya kugombana. Linalotakiwa ni kwamba kila anayetoka katika nyumba ya soba aambiwe mlangoni, pamoja na jamaa zake, lile ambalo mama wa Ng'ambo hakuambiwa: kwamba mwili uliotakasika umekuwa mgeni tena, na kipimo cha zamani ni sumu mpya.

Pengine atatokea wa kusema kwamba dawa ya kweli ni kuuzuia unga usiingie. Naam, na uzuiwe. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Unga huo wa Afghanistan hushuka kutoka mwambao wa Makran kwa njia zile zile za maji ambazo kwa karne nyingi zilileta tende na mazulia. Bahari haina kufuli. Na hata lau ingekuwa nalo, waliomo ndani leo wangebaki kuwa wana wa watu.

Siku ya arubaini ya mwanawe, wanawake walipokwisha kusoma na vikombe vya chai vikipita, mmoja wao alisema kwa huruma kwamba siku hizi presha inachukua hata vijana. Mama alikiweka kikombe chini. "Mwanangu hakufa kwa presha," alisema, na akaeleza. Hakulia. Aliwaeleza khabari ya mkoromo, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amekwenda kwa muuguzi mmoja akamuuliza, naye akamjibu bila ya kumficha. Chumba kilinyamaza. Baadhi ya wageni walitazama mkeka. Jirani wa ukuta mmoja ndiye aliyejifunika uso kwa kanga, kwani yeye naye ana mtoto wa kiume.

Baada ya siku chache mama alikwenda maskani, pale vijana wanapokaa. Walipomwona walificha walichokuwa nacho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Sikuja kukusemeni." Kisha akawaiga ule mkoromo, kwa koo lake mwenyewe, hadharani, mwanamke wa umri wake. Mmoja alicheka, akaacha. "Mwenzenu akitoa sauti hii, hajalala. Mwiteni, mtikiseni. Asipoamka, mtafutieni gari ya hospitali, mumlaze ubavu, muangalie pumzi yake. Wala asitumie mtu peke yake nyuma ya mlango. Na mkishindwa la kufanya, njooni mniite."

"Hata usiku, mama?"

"Hata saa nane ya usiku."

Wameshakuja mara moja. Jirani aliusikia mlango ukigongwa, na safari hii hakubaki kitandani.