Barafu Isiyo Barafu

Baridi ya mwezi wa Julai katika nyanda za juu za Kenya humkunja mzee na kijana. Asubuhi moja ya baridi hiyo nilikuwa darasani nikifundisha habari za mafuta na gesi vichimbwavyo chini ya bahari. Niliwaeleza wanafunzi wangu kuwa visima vingine viko mbali na mitambo, na kwamba mali itokayo humo husafiri katika mabomba ya chuma yaliyolazwa juu ya sakafu ya bahari. Nikaongeza kuwa maji ya vilindi vile yana baridi ya nyuzi 4 hivi za sentigredi, na kwa hiyo baadhi ya mabomba hupashwa moto yasizibe.

Mvulana mmoja, mwenyeji wa pwani, mkimya kwa tabia, akasimama. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Ulitufundisha kuwa maji huganda katika nyuzi 0. Ikiwa kilindi kina nyuzi 4, ni nini basi kigandacho bombani?"

Sikuwa na jibu. Uungwana ulinitaka niseme hivyo, walakini kiburi kilitangulia. "Keti," nilimwambia, "swali hilo halimo katika mtihani." Wenziwe wakacheka. Akaketi, na tangu saa ile mkono wake haukuinuka tena.

Usiku nilitaka kujipaka mafuta ya nazi. Niliipindua chupa, tone lisitoke: mafuta yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa. Chumba kilikuwa na baridi, lakini maji mtungini hayakuwa yameganda. Hapo nikaona haya peke yangu. Kila kitu kina kipimo chake cha kuganda, nami nilikuwa nimevipima vyote kwa kipimo cha maji.

Nilianza kusoma upya. Nilijifunza kuwa mafuta mengi yatokayo ardhini yana nta ndani yake. Yakiwa bado na joto la ardhi hutiririka. Yakipoa, nta hujitenga na kuganda katika kuta za bomba. Mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, ni ya aina hiyo. Hata bomba la nchi kavu la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe moto kwa sababu iyo hiyo.

Adui wa pili ni wa ajabu zaidi. Gesi ikikutana na maji penye baridi na shinikizo kubwa, chembe za maji hujipanga mfano wa tundu, zikaifungia gesi ndani. Hutokea kitu cheupe kama barafu, kiitwacho haidreti, nacho huwa kigumu hata pale ambapo maji ya kawaida yangali maji. Mwaka 1934 mkemia wa Marekani, E. G. Hammerschmidt, alionyesha kuwa vizibo katika mabomba ya gesi vilikuwa haidreti, wala si barafu tu.

Mgeni huyu akisahauliwa, gharama yake ni kubwa. Mwezi wa Aprili 2010 kisima cha Macondo, katika Ghuba ya Meksiko, kililipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini. Mwezi wa Mei wahandisi walishusha sanduku la chuma, lenye uzito wa tani 100 hivi, hadi kina cha mita 1,500 hivi, ili liyakinge mafuta na kuyapandisha melini. Haidreti zikajaa ndani yake na kuziba tundu la juu. Sanduku likaondolewa, na mafuta yakaendelea kumwagika hadi Julai.

Ndiyo sababu ya moto. Katika eneo la Åsgard, bahari ya Norwe, njia hii ilianza kutumika mwaka 2000: umeme hupitishwa katika chuma cha bomba lenyewe, chuma huupinga, na katika kupingana huko joto huzaliwa. Bomba huvikwa ngozi nene ihifadhiyo joto, kama chupa ya chai. Mafuta yanapotiririka, joto lake lenyewe mara nyingi latosha. Hatari huja yanaposimama, na hapo ndipo umeme huhitajiwa zaidi.

Nilirudi darasani na chupa yangu, nikaiweka mezani. Nilikiri mbele ya wote kuwa siku ile sikujua, na kuwa nilimkosea mwenzao. Nilipokwisha kueleza yote, nikamwuliza yule kijana alikolipata swali lake.

"Mwalimu," alijibu kwa sauti ndogo, "nilipokuja shule hii mama alinipa chupa ya mafuta ya nazi. Nyumbani yalikuwa maji; hapa yakaganda. Nilidhani yameharibika."

Basi nusu ya jibu ilikuwa sandukuni mwake siku zote, nami nilimketisha. Mafuta yakisimama hupoa, na mwanafunzi anyamazishwaye hupoa vivyo hivyo. Wote wawili huhitaji joto kabla hawajaganda kabisa.

Juma lililofuata aliinua mkono tena. Swali lake lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Nikamwambia kuwa sijui, tukaenda maktaba pamoja.